Jino la Kwanza Limeng'oka: Tooth Fairy, Panya, Paa au Ukweli?

Kwa kawaida jino la kwanza kung'oka ni moja kati ya yale mawili ya mbele ya chini, na mtoto huwa na umri wa miaka 6 hivi. Limelegea kwa siku nyingi, kalisukuma kwa ulimi mpaka kila mtu nyumbani amechoka kumwambia aache, kisha siku moja linabaki kwenye hindi la kuchoma. Analishika kiganjani, mdomo una damu kidogo, na anauliza: tunalifanya nini?

Kwa wengi tuliokulia huku, jibu lilikuwa moja: juu ya paa. Leo mtoto wa Mikocheni au Kileleshwa ameshaona kwenye katuni kwamba jino huwekwa chini ya mto na asubuhi kunakutwa pesa. Wa Minneapolis ameambiwa hivyo hivyo na wenzake darasani. Wa Brussels, ambaye mama yake ni wa Bukavu, amesikia habari za panya mdogo. Halafu bibi yuko Tanga, anapigiwa simu ya video aone pengo la mjukuu, na anasema: litupeni kwenye bati, mambo ya kununua meno mmeyatoa wapi?

Wazazi waliokwama hapo ni wengi, na ndio ninaowaandikia. Njia ziko nne kubwa, na kila moja ina akili yake.

Njia zenyewe

Tooth Fairy ni kiumbe wa kutunga, mara nyingi huchorwa kama mwanamke mdogo mwenye mabawa, ambaye huingia usiku, huchukua jino chini ya mto na kuacha pesa. Ni wa Marekani, na si wa kale kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1908 gazeti la Chicago Daily Tribune liliwashauri akina mama kwamba mtoto mkaidi atakubali jino lililolegea ling'olewe akiambiwa kuna Tooth Fairy, na kwamba ni vizuri waweke akiba ya vizawadi vya senti 5. Tangu mwanzo, basi, ilikuwa mbinu ya mzazi ya kumtuliza mtoto anayeogopa kung'olewa jino.

Panya ndiye anayefanya kazi hiyo Ufaransa, Hispania na sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini. Mashuhuri zaidi ni Pérez wa Hispania. Padre Luis Coloma aliandika hadithi yake kwa ajili ya mfalme mtoto, Alfonso XIII, aliyeng'oka jino akiwa na miaka 8. Humo panya Pérez anaishi na familia yake ndani ya boksi la biskuti, katika duka la mtaa wa Arenal namba 8, Madrid. Anamgeuza mfalme kuwa panya na kumpeleka usiku akaone jinsi watoto maskini wanavyolala. Ukifika Madrid leo, jengo hilo lina kibao cha kumbukumbu.

Paa ndilo la kwetu, lakini si letu peke yetu. Wajapani hurusha jino la chini juu ya paa na la juu hulitupa chini ya nyumba, ili jino jipya lifuate upande huo. Wakorea hurusha paani na kumwomba ndege alete jipya. Katika nchi nyingi za Kiarabu mtoto hulirusha kuelekea jua, akisema: ewe jua, chukua jino la punda unipe jino la swala. Huku kwetu maneno hutofautiana nyumba hadi nyumba, ila maana ni ile ile: chukua hili bovu, nipe zuri.

Njia ya nne ni ukweli mtupu. Mtoto anaelezwa kilichotokea mdomoni mwake, kisha jino linawekwa kwenye kikopo au linazikwa uani.

Vigezo nilivyotumia

Nimezipima njia zote kwa mambo matano: tendo analolifanya mtoto mwenyewe, kile anachoambiwa aamini, hali itakavyokuwa siku atakapouliza kama ni kweli, fedha na kazi ya mzazi, na mwisho hofu na dini. La pili na la tatu ndiyo mazito, na ndiko nitakakokaa zaidi.

Mtoto anafanya nini?

Hapa paa lina nguvu kubwa. Mtoto anatoka nje, anasimama kwenye uwanja, anapima umbali, anasema maneno yake na kurusha. Mara ya kwanza jino halifiki, linaangukia kwenye maua, na watu wote wanainama kulitafuta. Likifika, linagonga bati kwa mlio mdogo sana, na kazi imekwisha. Mwili wake ndio ulioliachia, na mkono wake ndio ulioliondoa.

Kwa Tooth Fairy na panya, mtoto analiweka jino na kulala. Tendo lenyewe linafanywa na mwingine, gizani. Faida yake ni ile hamu ya asubuhi: mtoto anaamka kabla ya jogoo, anapapasa chini ya mto, na anakimbia chumba cha wazazi na noti mkononi. Kwa mtoto aliyelia sana jino lilipotoka, furaha hiyo inasaidia kwelikweli.

Kwenye njia ya ukweli, tendo ni kuchunguza. Mpe jino alioshe, aligeuze. Atakuta halina mzizi, kuna tundu tu na kingo zinazokwaruza kidole. Hapo swali linakuja lenyewe: mzizi uko wapi? Jibu ni kwamba jino la kudumu lilipokuwa likipanda kutoka chini, seli za mwili ziliuyeyusha mzizi wa jino la utoto kidogo kidogo mpaka likakosa pa kushika.

Anaambiwa aamini nini?

Tooth Fairy ana ugeni ambao watu waliokua naye hawauoni tena. Mtu asiyejulikana anaingia chumba cha mtoto usiku, anachukua kipande cha mwili wake, na kulipa. Hana hadithi inayoeleza anayapeleka wapi meno hayo, wala sura moja ambayo watu wamekubaliana. Kwa hiyo kila nyumba inajaza yenyewe: anajengea kasri, anatengeneza nyota, anagawia watoto wachanga. Mtoto mwenye maswali mengi atapata majibu matatu tofauti kutoka kwa watu watatu.

Panya ana sababu inayoshikika. Meno ya mbele ya panya hukua maisha yake yote, kwa hiyo kumwomba panya jino imara ni kumwomba mwenye mali. Na yule wa Madrid ana hadithi kamili yenye ubinadamu ndani yake, kwa sababu mfalme anajifunza kwamba wako watoto wenzake wanaolala kwenye baridi. Ukiwa unapenda kusimulia, hapa una kitu cha kusimulia.

Paa halimdai mtoto imani kubwa. Hakuna anayetakiwa kumwona, na hakuna alama zinazoachwa usiku ili zimshawishi. Anaomba jino, na baada ya wiki au miezi jino linaota kweli. Kinachoahidiwa kinatimia mbele ya kioo bila mzazi kufanya chochote. Sijaona njia nyingine kati ya hizi ambayo ahadi yake inajitimiza yenyewe namna hiyo.

Je, watoto huamini kweli? Huamini, na si kwa ujinga. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani, akiwemo Jacqueline Woolley wa Chuo Kikuu cha Texas, waliwaambia watoto wa shule ya awali habari za mchawi wa peremende, kiumbe ambaye watafiti walimtunga wenyewe. Alisemekana kuja usiku, kuchukua peremende na kuacha kitu cha kuchezea. Kwa baadhi ya watoto, wazazi waliigiza ziara hiyo. Watoto wakubwa kidogo waliamini zaidi kuliko wadogo, na hao wakubwa waliotembelewa waliamini zaidi. Mwaka mmoja baadaye imani ilikuwa bado juu. Maana yake ni kwamba mtoto wa miaka minne au mitano anapima ushahidi kama wewe. Ameambiwa na watu anaowaamini, peremende hazipo, kitu cha kuchezea kipo. Anayebadilisha ushahidi ni mtu mzima.

Utafiti mwingine, wa Paul Harris na wenzake mwaka 2006, uliwauliza watoto kuhusu vitu wasivyoviona. Walikuwa na uhakika zaidi kwamba vijidudu vya magonjwa vipo kuliko kwamba Tooth Fairy yupo, ingawa hawajawahi kuona hata kimoja kati ya hivyo viwili. Wanasikia tofauti katika jinsi tunavyosema. Hakuna mzazi anayesema "mimi naamini vijidudu vipo". Anasema tu nenda kanawe mikono.

Siku atakapouliza

Siku hiyo inakuja, mara nyingi karibu na miaka 7 au 8. Anakuta meno yake yote kwenye kijaluba ndani ya kabati la mama, au anaamka wakati mkono wa baba uko chini ya mto. Wengine wanaambiwa na mkubwa wao kwenye basi la shule.

Wazazi wengi wanaogopa kwamba mtoto atajiona amedanganywa. Mwaka 1994 Carl Anderson na Norman Prentice walichapisha utafiti kuhusu watoto waliokuwa wamegundua kwamba Santa Claus hayupo. Wengi waligundua wenyewe wakiwa na miaka 7 hivi, na hisia zao kwa jumla zilikuwa nzuri. Waliohuzunika zaidi walikuwa wazazi. Santa si Tooth Fairy, lakini mchezo ni ule ule, kwa hiyo mwenye kuchagua njia hii asikae na hofu kupita kiasi.

Hata hivyo nina msimamo mmoja hapa, na ninaushikilia. Kuna tofauti kati ya mtoto anayecheza na mtoto anayeuliza. Anayeuliza huku anacheka, anataka mchezo uendelee. Muulize yeye anaonaje. Anayekukazia macho na kusema "mama, niambie ukweli", mwambie ukweli saa hiyo hiyo. Mzazi anayezidi kutunga hadithi baada ya swali la namna hiyo anatumia imani ambayo ataihitaji siku mtoto huyo akiwa na miaka 13 na ana jambo zito la kumweleza.

Kwa panya hali ni hiyo hiyo. Kwa paa, swali karibu halipo: mtoto anakua, anaona kwamba maneno yale yalikuwa desturi, na hakuna aliyefichuliwa. Kwa njia ya ukweli, hakuna cha kufichua, ila mtoto wako anaweza kuwa ndiye anayewafichulia wenzake. Mwambie mapema kwamba nyumba nyingine zina mchezo wao, na si kazi yake kuuvunja.

Fedha na kazi ya mzazi

Delta Dental, shirika la bima ya meno la Marekani, huuliza wazazi kila mwaka wanaacha kiasi gani. Mwaka 1998 wastani ulikuwa dola 1.30 kwa jino. Mwaka 2023 ulifika dola 6.23, na mwaka 2024 ukashuka hadi 5.84. Mtoto ana meno ya utoto 20, kwa hiyo kwa kiwango cha 2024 mtoto mmoja anamaliza zaidi ya dola 116. Hakuna anayekulazimisha kiasi hicho, lakini watoto hulinganisha. Anayekuta shilingi 1,000 na mwenzake kakuta 10,000 atataka kujua kwa nini jino lake ni la bei ya chini. Hilo ndilo swali gumu zaidi kwenye njia hii, na ni la darasani zaidi kuliko la nyumbani.

Ongeza usingizi. Unasubiri mtoto alale fofofo, unaingia kwa ncha za vidole, unapapasa kitu chenye ukubwa wa punje ya mchele ambacho kimeteleza mpaka kwenye foronya. Ukipitiwa na usingizi mpaka asubuhi, una kazi ya kueleza. Jino likifungwa kwenye kijibahasha au kipande cha kanga chenye rangi kali, kazi inakuwa nyepesi. Panya ana gharama hiyo hiyo, ingawa wenye kumfuata mara nyingi hutosheka na sarafu moja.

Paa ni bure, ukiwa na paa. Aliye ghorofa ya sita hana. Wengine hungoja mpaka waende kwa bibi, na jino linakaa kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka mpaka likizo. Kwa ukweli mtupu, gharama ni muda wako wa kukaa na kueleza.

Hofu na dini

Kwa familia za Kiislamu, jambo la kutazama kwanza ni ahadi kwa mtoto. Imo kwenye Sunan Abu Dawud hadithi ya Abdullah bin Amir: alipokuwa mtoto mama yake alimwita aje ampe kitu, na Mtume (S.A.W.) akamuuliza alikusudia kumpa nini. Akasema tende. Mtume akamwambia kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Wazazi wengi wakiisoma hadithi hiyo huona Tooth Fairy haingii nyumbani kwao, hata kama pesa inatolewa kweli, kwa sababu mtoaji anayetajwa hayupo. Kuliomba jua nako kuna masheikh wanaokukataza, kwa kuwa dua ni ya Mungu peke yake. Linalobaki bila mgogoro ni kuzika jino, jambo ambalo familia nyingi hulifanya pia kwa kucha na nywele. Baadhi ya familia za Kikristo nazo hazipendi kiumbe anayetembea usiku, maana kwa masikio ya huku anasikika kama pepo.

Hofu ya mtoto ni jambo jingine. Panya wa Madrid anapendeza kwa sababu anaishi kwenye boksi la biskuti. Panya wa nyumbani kwetu anakula unga na kutoboa magunia, na kila mtoto ameshasikia kwamba huuma huku anapuliza. Umwambie mtoto wa namna hiyo kwamba usiku panya atakuja kichwani kwake, hamtalala nyote wawili. Tooth Fairy huwatisha wachache, hasa wale wasiopenda kuguswa wakiwa usingizini. Dawa yake ni rahisi: jino liwekwe kwenye glasi sebuleni. Paa halina hofu yoyote ninayoijua.

Niseme pia, kwa kuwa tunazungumzia imani na meno: zote nne hazimdhuru mtoto, lakini ipo imani inayodhuru. Mtoto mchanga mwenye homa au kuharisha akisemwa ana meno ya plastiki, na mtu akataka kumchimba ufizi, mpeleke kituo cha afya. Hilo si la kuchagua.

Chagua kwa hali yako

*Mnaishi Marekani, Kanada au Uingereza, na wenzake wote wanazungumzia Tooth Fairy.* Mnaweza kuifuata kama mchezo. Wekeni kiasi kimoja kidogo kisichopanda, na mzazi aseme kama anayesimulia hadithi, bila kuapa. Kama hamtaki, mpe mtoto jambo lake la kusimulia darasani. "Sisi tunarusha juu ya paa" huwavutia watoto wengine sana.

*Mko Ufaransa, Ubelgiji au Hispania, na mtoto anapenda wanyama.* Panya anafaa, hasa kwa mzazi anayejua kusimulia. Kama nyumba yenu imewahi kuwa na panya wa kweli, iacheni.

*Mna uwanja, bati, na bibi aliye karibu.* Paa linafaa, na mwachieni bibi aongoze na kumfundisha mjukuu maneno yake. Hilo halizuii mtoto kupewa sarafu mchana kweupe na mjomba anayempongeza.

*Dini yenu inakataza kusingizia mtoaji asiyekuwepo.* Zikeni jino uani pamoja na mtoto, mpeni zawadi kwa mkono wenu na mseme imetoka kwenu.

*Mtoto ni mdadisi, anataka kujua kila kitu kinavyofanya kazi.* Ukweli. Na msimulie habari za St. Louis, Marekani. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, watoto wa mji huo waliombwa watume meno yao kwa wanasayansi badala ya kuyaweka chini ya mto. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yalikuwa yanatapakaza strontiumu-90, kemikali yenye mionzi, hewani. Ikaanguka kwenye majani, ng'ombe wakala, watoto wakanywa maziwa, nayo ikajificha menoni kama kalisi. Yalikusanywa meno 320,000 hivi, na kila mtoto alipewa beji ya kuonyesha kwamba ametoa jino lake kwa sayansi. Matokeo yake yalisaidia kuukoleza mjadala uliozaa mkataba wa 1963 wa kuzuia majaribio ya mabomu hayo angani.

*Mkubwa ameshajua, mdogo bado anaamini.* Msimwache mkubwa pembeni. Mpeni kazi: yeye ndiye achague bahasha, aandike barua, akumbushe mzazi kabla ya kulala. Watoto wengi wakipewa siri ya kutunza huitunza vizuri.

*Jino limemezwa pamoja na chakula.* Hutokea mara nyingi, na kwa kawaida hutoka lenyewe bila madhara. Akikohoa mfululizo au kuhema kwa shida baada ya hapo, mwahisheni hospitali mara moja. Kama yuko salama na analia kwa sababu hana cha kuweka chini ya mto, barua fupi ya kueleza kilichotokea inatosha kwa Tooth Fairy na kwa panya pia. Wa paani asubiri, yamebaki 19.